Mafuta ya Mapaja kwenye Kifua cha Mama

Kwa miaka kumi na moja nimeuza vipodozi Singida mjini, na kwa miaka hiyo yote sijawahi kumwambia mteja ukweli wote. Sisemi kwamba nawaibia. Mwanamke akiniuliza kama krimu fulani itamtoa madoa, namjibu kwamba inategemea na ngozi yake, jambo ambalo ni kweli na halimsaidii kitu. Akirudi kulalamika namkumbusha nilivyomwambia. Ulimi wangu una kazi mbili, kuuza na kugombana, na zote nazimudu. Naandika haya kwa sababu ulimi huohuo ndio uliompotosha mama yangu, na mpaka leo hakuna aliyenilaumu. Hawajui.

Mama alikuwa na pumu. Aliishi Sepuka, kwenye nyumba ambayo baba alimwachia alipofariki, akilima alizeti na uwele na kufuga kuku aliowapenda kuliko baadhi ya watoto wake. Pumu ilimwanza ukubwani, baada ya kunizaa mimi kitinda mimba, na alizoea kunitania kwamba nilitoka tumboni na pumzi zake. Dawa aliyoizoea ilikuwa aminofilini, vidonge vidogo vichungu ambavyo alivifunga kwenye pindo la kanga na kumeza kifua kilipoanza kumbana. Jina hilo alilitamka bila kujikwaa, aminofilini, yeye ambaye jina la wilaya yake mwenyewe alilikatisha katikati.

Vilimsaidia, ila vilimtesa. Akishameza, moyo unadunda, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagikia, tumbo linachafuka na usingizi hauji. Aliwahi kuniambia kwamba vile vidonge vinamkimbiza mbio wakati yeye amekaa kwenye kigoda. Nilicheka. Mama alikuwa mtu wa maneno, na wakati mwingine nilifurahia maneno yake nikasahau kwamba alikuwa ananieleza shida.

Sasa kuhusu yale mafuta. Yalikuja dukani katika makopo meupe yenye kifuniko cha waridi, krimu ya kupunguza nyama za mapaja na tumbo. Walioyagombea walikuwa walimu, wake za wafanyabiashara, mabibi harusi waliobakiza wiki tatu, na wanawake waliojifungua ambao matumbo yao yalikataa kurudi. Ndani ya kila boksi mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, na kwa kuwa mchana duka hulala na mimi silali, niliisoma yote. Iliandikwa kwamba ndani yake mna aminofilini, dawa inayofungua njia za hewa kwa wagonjwa wa pumu, ambayo ikipakwa kwenye ngozi hupenya na kuyapunguza mafuta yaliyo chini yake. Niliirudia ile sentensi mara mbili. Dawa ya mama, ile ya kwenye pindo la kanga, imo kwenye kopo la urembo. Niliona fahari ya kijinga, utadhani ndugu yangu kasomwa redioni.

Kama yale mafuta yanapunguza mapaja kweli, sijui mpaka leo. Wengine walirudi kununua kopo la pili, wengine walirudi kunitukana, na mimi mwenyewe nilijipaka miezi miwili nikabaki na mapaja yaleyale niliyorithi kwa shangazi zangu.

Idd ilipofika nilikwenda Sepuka na kopo langu kwenye mkoba. Asubuhi ya pili nimetoka kuoga, nimekaa kitandani kwa mama najipaka, akaingia kuchukua ufunguo wa ghala. Akauliza ninajipaka nini huko. Nikamwambia, huku nacheka, "Hii ni aminofilini yako, mama. Yako ya kumeza, yangu ya kupaka."

Hakucheka. Alichukua kopo akalinusa, akaliweka kwenye mwanga wa dirisha. Akaniuliza kama inapita ngozini, nikamjibu inapita. Akauliza kama inafika mpaka ndani kwenye nyama, nikamwambia ndivyo walivyoandika. Akauliza tena, taratibu, kama ukijipaka moyo unadunda. Nikamwambia mimi sijasikia kitu. Basi akafungua vifungo viwili vya blauzi, akachota kwa vidole viwili, akajipaka kifuani kwa mduara, halafu akanigeuzia mgongo nimpake kati ya mabega.

Nikampaka. Nataka hili lieleweke, kwamba sikushtuka hata kidogo. Kwetu kifua hutibiwa kwa kupaka. Mtoto akikohoa, mafuta ya mkia wa kondoo yanayeyushwa kwenye kigae, anachuliwa kifua na mgongo yakiwa ya moto, anafunikwa blanketi, na kesho yake anacheza. Bibi alimchua mama hivyo, mama akanichua mimi, na hakuna mwanamke Sepuka anayehitaji kufundishwa. Mama alikuwa amepata vitu viwili anavyoviamini kwenye kopo moja, dawa ya hospitali na mkono wa mama yake. Ningeshtuka kama angejipaka mapajani.

Tena niliamini. Huo ndio ukweli wote ambao wateja wangu hawapewi. Nilijiuliza, kama inaweza kupenya ikayeyusha nyama, itashindwaje kupenya ikafungua kifua? Nina cheti cha kidato cha nne na nilijibu swali hilo peke yangu, nimekaa kitandani na mikono yenye mafuta. Nilimwachia lile kopo.

Mwanzoni alipata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo iliyotumaliza. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri, vumbi limelala, majani yamejaa, na mama katika miezi ya namna hiyo hakuwahi kubanwa sana. Lakini sasa alikuwa na cha kukisifu. Alinipigia simu kuniambia kwamba analala mpaka alfajiri, mikono imetulia, chai anakunywa bila kumwaga. Kila mtu aliyekuwa akienda Sepuka nilimpa kopo ampelekee, na mama mdogo, mdogo wake mama wa kumfuata ambaye nyumba zao zinatazamana, akawa anampaka mgongoni kila asubuhi. Vile vidonge nikasahau kuviuliza. Alikuwa ameviacha tangu Idd.

Halafu ukaja wakati wa kupura alizeti. Kule wanawake hupura kwa zamu, leo kwako, kesho kwa jirani, na asiyetokea kwa mwenzake asitegemee mtu kwake. Vichwa vya alizeti vilivyokauka vinamwagwa kwenye turubai, vinapigwa kwa fimbo, kisha mbegu zinapepetwa upepo ukivuma. Mama ndiye aliyepewa kupepeta kwa sababu aliujua upepo wa pale, anasimama akiinua ungo mpaka usawa wa uso na makapi yote yanapita mbele ya pua yake. Miaka ya nyuma alikuwa anameza kidonge kabla ya kwenda na kingine akirudi. Mwaka ule alijipaka.

Alibanwa siku ya tatu, saa tano asubuhi, kwenye uwanja wa jirani. Mama mdogo alinisimulia kwamba walimwona ameshusha ungo, ameshika magoti, na midomo imekuwa rangi ya majivu. Walimkalisha kivulini na kumpaka tena mafuta. Wakapaka mpaka kopo likabaki chini chini. Walipoona shingo inavuta ndani kila akihema ndipo walipompakia kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mama mdogo, mpaka kituo cha afya, na kutoka kule akaletwa mjini kwa gari la wagonjwa. Nilimkuta wodini amewekewa hewa ya mtungi usoni. Blauzi yake ilikuwa inanukia duka langu.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alituuliza alikuwa anatumia dawa gani. Mama mdogo akafungua pochi akatoa kopo. Daktari akaligeuza, akasoma, akanitazama mimi maana mimi ndiye niliyeonekana wa mjini. Aliniambia kwamba hiyo ni ya urembo. Dawa imo kweli, lakini ya kupaka inaishia hapo hapo kwenye ngozi, haiwezi kufika kwenye njia za hewa kwa kiasi cha kumsaidia mgonjwa, na kwamba mama amekaa miezi bila dawa yoyote na kifua chake sasa kimechoka sana. Aliuliza nani alimwambia atumie hivyo. Nilisema mambo ya kijijini, daktari, si unajua. Hivyo ndivyo nilivyosema. Mama mdogo, wa kijijini hukohuko, alikuwa amesimama pembeni yangu.

Wakati huo muuguzi alikuwa anatayarisha dripu. Mvuke wa dawa walishampa mara mbili, haukutosha, sasa walikuwa wanataka kumwingizia dawa nyingine polepole kwenye mshipa. Mama aliuliza ni nini hiyo. Muuguzi, kwa wema kabisa, akamtajia: aminofilini. Nilimwona mama akifumba macho na kutabasamu chini ya kile kifuniko cha hewa. Baada ya saa moja na kitu aliweza kuongea, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Umeona? Hata wao wanatumia hiyohiyo."

Nafikiri pale ndipo nilipompoteza, ingawa aliishi mwaka mzima baada ya hapo.

Alirudi nyumbani na pampu ya kuvuta mdomoni, mbili kwa kweli, moja ya kila siku na moja ya akibanwa. Nilimfundisha kama daktari alivyotufundisha: toa pumzi yote, weka mdomoni, bonyeza huku ukivuta, zuia. Alibonyeza wakati wa kutoa pumzi, dawa ikamrudia usoni. Tulirudia mpaka tukachoka wote wawili na nikamfokea, kisha nikaona aibu. Lakini tatizo kubwa halikuwa kubonyeza. Sepuka kuna imani kwamba pampu ni ya mtu aliyefika mwisho, ukiishika huiachi, na wanaoishika hawakai. Walishamwona mzee mmoja wa msikitini akitembea nayo mfukoni, akafa. Kwamba mzee yule alianza kuitumia akiwa tayari anakufa, hilo hawakulihesabu. Mama alizifunga pampu zote mbili kwenye leso na kuziweka sandukuni pamoja na sanda yake aliyojinunulia zamani.

Nilijaribu kumwambia. Nilikwenda siku ya Jumapili mahususi kwa ajili hiyo, nikasubiri mama mdogo aondoke, nikakaa chini kwenye mkeka badala ya kiti ili anione mtoto.

"Mama, yale mafuta hayafiki kifuani. Nilikosea kukwambia."

Alikuwa anachambua mchicha. Alinijibu huku akiendelea kuchambua.

"Hukukosea. Siku ile ulisema huku unacheka. Leo unasema huku unaogopa. Mimi nashika ya siku ile."

Nikamwambia daktari ndiye aliyesema. Akajibu kwamba daktari hamjui, mimi ndiye namjua, na mimi ndiye niliyesoma ile karatasi. Alisema hivyo kwa upole, kwa namna ya mtu anayemsifia mwanawe. Katika maisha yangu yote nilitamani mama anione mwenye akili. Wakubwa zangu ndio waliosifiwa, mmoja kwa dini na mwingine kwa ng'ombe, mimi nilikuwa yule wa mdomo. Sasa alikuwa ameniamini kwa moyo wote, katika jambo moja tu, na jambo lenyewe lilikuwa uongo wangu.

Nikafanya ubabe. Nilipoondoka nilichukua makopo yote mawili aliyobaki nayo nikayatia kwenye mkoba. Alinisindikiza mpaka njiani, akaniombea safari njema. Siku nne baadaye mama mdogo alinipigia kwamba dada yake hali chakula vizuri, anakaa anatazama ukuta, na amekataa hata kuitazama pampu. Akaniomba kwa heshima zote nimrudishie mama mafuta yake, kwani yana ubaya gani mtu kujipaka? Nikatafuta ubaya wa kumtajia, na ubaya ulikuwa ni mimi kueleza yote tangu mwanzo. Basi nikayarudisha. Nilimwekea mama sharti kwamba ajipake na pampu avute pia, vyote viwili. Akakubali haraka sana, kama wateja wangu wanavyokubali kwamba watajipaka krimu na kukaa mbali na jua.

Mwaka ule alikonda. Kutoka mlangoni mpaka kwenye banda la kuku ikawa safari ya vituo viwili. Nilikuwa nikienda mara mbili kwa mwezi, na kila nikimwamkia shikamoo, marahaba yake ilikuwa inakuja kwa awamu. Nikimuuliza kuhusu pampu anasema anavuta. Nilijua havuti. Nikarudi mjini, nikafungua duka, nikaendelea kuuza, na ndiyo, niliendelea kuyauza na hayo mafuta, kwa sababu wenye mapaja hawakuwa na kosa.

Msimu wa kupura uliofuata walimkataza kupepeta, akakubali kukaa mbali chini ya ukuta. Vumbi la alizeti halihitaji uwe karibu. Alifariki saa nne asubuhi nikiwa dukani nagombana na mteja aliyefungua kopo kunusa. Mama mdogo kwenye simu hakusema amekufa, alisema njoo mwanangu, njoo sasa. Nilimwacha mteja na kopo lake.

Nilifika saa saba. Wanaume walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi na watu wa kaka yangu wanafunga turubai. Nilipotumwa sandukuni kuchukua sanda nilizikuta pampu kwenye leso ile ile, nikazitikisa moja moja karibu na sikio. Zilikuwa nzito, zimejaa.

Tuliomwosha tulikuwa wanne: mama mdogo, majirani wawili wazoefu wa kazi hiyo, na mimi. Nilidhani nitashika ndoo tu, lakini jirani mmoja akaniambia binti humwosha mama yake, akaniachia nafasi. Nikaingiza mkono chini ya shuka. Mikono ya mama ilikuwa ya jembe, na visigino vyake vilikuwa na nyufa ambazo vipodozi vyote vya dukani kwangu visingeziba. Kisha nikafika kifuani. Kutoka shingoni mpaka chini ya mbavu ngozi ilikuwa laini, nyororo, haina mkunjo wala doa, ngozi ya mwanamke wa miaka thelathini, na chini yake mifupa mitupu. Mafuta yalikuwa yamefanya kazi yake. Nililia, nao wakaniambia nijikaze, marehemu anahitaji utulivu.

Mama mdogo naye alipitisha kiganja pale pale na akakisimamisha kidogo. Aligeuza uso pembeni akakohoa, kikohozi kirefu chenye mluzi mwishoni, ambacho nilikuwa nakifahamu tangu utoto wangu. Kisha akanisogelea sikioni.

"Yale mafuta ya dada yamebaki? Nipe mimi. Kifua changu nacho, tangu tuanze kupura, hakinipi nafasi."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Mama mdogo, hayo ndiyo yaliyomuua, na mimi ndiye niliyeyaleta, na nilijua. Lakini kuyasema pale ilikuwa ni kuyasema mbele ya majirani na mbele ya mama mwenyewe amelala, na kufikia alasiri Sepuka nzima ingekuwa nayo, kaka zangu wangekuwa nayo. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo, niliogopa watu.

Nikamwambia kopo lile limeingia vumbi, nitamletea jipya. Akasema ahsante mwanangu, akanipa beseni nikabadilishe maji.